"Kusafisha damu" si jibu kwa mgonjwa wa moyo wa Kapedo

Neno "kusafisha damu" lina soko kubwa nchini Kenya. Mwuza mitishamba hulinadi kando ya barabara, chupa ya dawa chungu mkononi. Muuguzi wa kitengo cha figo hulitumia anapomweleza mgonjwa kwa nini ataunganishwa na mashine kwa saa nne, wiki baada ya wiki. Sasa limepata maana ya tatu, ile ya vyumba vya wagonjwa mahututi vya Ulaya na Asia: damu ya mtu aliyeshikwa na sepsisi baada ya kupasuliwa moyo hutolewa mwilini, hupitishwa kwenye kichungi kinachonasa kemikali ambazo mwili umezimwaga kupigana na maambukizi, kisha hurudishwa mshipani. Mtambo huo unavutia, na jina lake linavutia zaidi. Msimamo wangu ni kwamba haufai kununuliwa kwa ajili ya wagonjwa wa kaunti ya Turkana, wala kuingizwa kwenye orodha ya matibabu yanayolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mpaka uonyeshe kwamba unaokoa maisha. Sisemi hivyo kwa kuwa kaunti ni maskini. Nasema hivyo kwa kuwa mtambo umepimwa kwa haki na haukuthibitisha madai yake, ilhali hatari zinazomkabili mgonjwa wa moyo wa Kapedo, Lodwar au Kakuma zinajulikana, na nyingi zinazuilika kwa vitu vilivyokwisha kuthibitika.

Sepsisi si wingi wa vijidudu tu. Ni hali ambapo mwili, katika kupambana na maambukizi, hupoteza kipimo na kuanza kuviumiza viungo vyake wenyewe: figo huacha kutengeneza mkojo, presha hushuka, mapafu hushindwa kuivutia damu hewa, mtu huanza kuweweseka. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020 ulikadiria kwamba mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 waliugua sepsisi duniani na milioni 11 wakafa, yaani kifo kimoja katika kila vitano, na sehemu kubwa ya mzigo huo iko katika nchi kama zetu. Aliyepasuliwa moyo yumo hatarini kuliko wengi. Mfupa wa kifua chake umekatwa kwa msumeno. Damu yake imezungushwa nje ya mwili kupitia mipira ya mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu, na kule kugusana na plastiki tu kunatosha kuuamsha mwili vitani. Akitoka chumba cha upasuaji ana mirija shingoni, kwenye kibofu na kooni. Kama amewekewa vali mpya, amebeba kitu kigeni ambacho kijidudu kikikikalia ni vigumu mno kukiondoa. Katika ukanda wetu wengi wa wanaobadilishiwa vali si wazee. Ni vijana ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi walipokuwa watoto.

Kwa hiyo sishangai kwamba madaktari waliliwazia wazo la kichungi. Chukua mkebe wa plastiki unaoenea mkononi, ujaze chembe ndogo za polima zenye matundu yasiyoonekana kwa macho, upitishe damu ndani yake. Chembe hizo huzinasa molekuli zinazoitwa saitokini, ambazo ndizo tarishi wa vita vya mwili. Kichungi cha aina inayojulikana zaidi Ulaya kilipata idhini huko mwaka 2011, nacho hutumika kwa muda usiozidi saa 24 kisha hutupwa. Mgonjwa akihitaji siku tatu, atahitaji angalau vichungi vitatu. Madaktari waliokitumia wameeleza mara nyingi kwamba presha ya mgonjwa ilitulia na dawa za kuipandisha zikapunguzwa. Hizo ni habari za kweli za wagonjwa wa kweli, na anayezisoma hawezi kulaumiwa kwa kupata matumaini.

Lakini mgonjwa mmoja aliyepona hawezi kutuambia angekuwaje bila kichungi. Ndiyo maana hufanywa majaribio yanayogawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Jaribio lililo karibu zaidi na suala letu lilifanywa Ujerumani na matokeo yake yalitoka mwaka 2022 katika jarida la Circulation. Hospitali 14 ziliwashirikisha wagonjwa 288 waliokuwa wakipasuliwa moyo kwa sababu vali zao zimeshambuliwa na vijidudu, kundi moja likiwekewa kichungi wakati wa upasuaji na jingine lisiwekewe. Kichungi kilifanya kazi kiliyotengenezewa: baadhi ya saitokini zilipungua kwenye damu. Ila viungo vya wagonjwa havikuwa na nafuu yoyote zaidi, na katika siku 30 walikufa asilimia 21 ya waliosafishwa damu na asilimia 22 ya wasiosafishwa. Ninaomba msomaji asimame hapo kidogo. Kipimo cha maabara kiliboreka na mgonjwa hakuboreka, na bado kipimo cha maabara ndicho kinachotajwa kwanza na watetezi wa kichungi.

Mtu anaweza kusema kwamba Wajerumani walikitumia wakati wa upasuaji, si baada ya sepsisi kuiva. Ni hoja ya haki, na jibu lake liko Marekani na Kanada, ambako wagonjwa 450 waliokuwa tayari katika mshtuko wa sepsisi waligawanywa: wengine wakapata kichungi chenye dawa ya polimiksini, ambacho Japani imekitumia tangu miaka ya 1990, wengine wakasimamishiwa mashine ya kuigiza isiyochuja kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 37.7 ya waliochujwa na asilimia 34.5 ya wale wa mashine ya kuigiza, tofauti ambayo haithibitishi lolote kwa upande wowote. Kabla ya hapo jaribio la Italia la mwaka 2009 lenye wagonjwa 64 lilikuwa limeleta matumaini makubwa. Matumaini hayo hayakustahimili idadi kubwa ya watu. Kisha likaja la Freiburg, Ujerumani, mwaka 2021, dogo lakini la kutisha: wagonjwa 34 wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kuwapumulia nje ya mwili, nusu wakiwekewa kichungi cha saitokini. Katika wale 17 waliochujwa, walionusurika siku 30 ni 3. Katika wale 17 wengine walinusurika 13. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi uliotolewa mwaka huohuo ulishauri kichungi cha polimiksini kisitumike, na kuhusu aina nyinginezo ukakataa kupendekeza kwa kukosa ushahidi.

Kwa nini wazo zuri namna hii linakwama? Sehemu ya jibu imo katika lile neno "kusafisha". Linatufanya tuione sepsisi kama uchafu, ilhali saitokini si uchafu. Zinauchoma mwili, kweli, lakini ndizo pia zinazoliita jeshi la kinga lifike penye kidonda. Kichungi hakijui kuchagua. Huondoa zinazoangamiza pamoja na zinazoponya, na huweza kunasa baadhi ya dawa zilezile za kuua vijidudu ambazo mgonjwa amechomwa muda mfupi uliopita. Daktari anayekitumia inampasa afikirie upya kipimo cha dawa, tena katika hospitali ambayo haiwezi kupima kiasi cha dawa kilichobaki kwenye damu.

Sehemu nyingine ya jibu tunayo hapa nyumbani, na inanisikitisha kuona jinsi tunavyoisahau. Jaribio liitwalo FEAST lilifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, likiongozwa kutoka Kilifi, na matokeo yake yakatoka mwaka 2011. Kila kitabu cha utabibu kilikuwa kikifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Watoto 3,141 waligawanywa. Katika saa 48 za mwanzo walikufa karibu asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha jambo gumu kulikubali: saa moja baada ya dripu, watoto waliopewa maji walionekana wamepata nafuu zaidi kuliko wenzao. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba tiba inafanya kazi. Mwaka 2017 Zambia ikaleta habari ya namna hiyo kwa watu wazima: katika wagonjwa 209 wa sepsisi wenye presha ya chini, waliotibiwa kwa mpango wa maji na dawa za kupandisha presha ulioigwa kutoka nchi tajiri walikufa asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33. Eneo hili limejifunza kwa gharama ya maisha ya watoto kwamba nafuu inayoonekana kwa macho inaweza kutangulia kifo. Tukiletewa kichungi kwa maelezo kwamba presha ilitulia, sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza wangapi walitoka hospitali wakitembea.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la usawa. Mkazi wa Turkana anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini kila jambo jipya lianzie Nairobi na kuishia Eldoret, na kwa nini mtu akitajiwa Kapedo akili iende kwenye vidonge na vyandarua. Kaskazini imeambiwa "subirini" tangu enzi ya mkoloni. Sitaki kuliongezea neno hilo. Kuna mashine ambayo Turkana inaistahili bila mjadala, nayo ni ya figo. Mtu ambaye sepsisi imezima figo zake hufa bila hiyo na anaweza kupona akiipata, na hilo halina ubishi. Kuiweka Lodwar na kuhakikisha haisimami ni haki. Lakini kikao kimoja cha kuosha figo hutumia takribani lita 120 za maji yaliyochujwa mara kadhaa, pamoja na umeme usiokatika na muuguzi aliyefunzwa, na tuliona kilichotokea baada ya mwaka 2015 serikali ilipokodisha vifaa vya mabilioni kwa hospitali za kaunti. Ripoti ya kamati ya Seneti mwaka 2020 ilieleza vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa maji, umeme, majengo au wataalamu, huku kaunti zikiendelea kukatwa malipo kila mwaka. Usawa ni kumpa mtu wa Turkana kile kinachomponya mtu wa Nairobi. Kumpa kile kilichoshindwa kumponya mtu wa Ujerumani au Marekani ni jambo jingine, na haliwi usawa kwa sababu lina bei kubwa.

Tumtazame basi mgonjwa mwenyewe. Kapedo iko mpakani mwa Turkana na Baringo, chini ya mlima Silali, pale maji ya moto yenye chumvi yanapobubujika ardhini na kuporomoka kuelekea mto Suguta. Kutoka hapo hadi Lodwar, hata ukipima kama ndege arukavyo, ni zaidi ya kilomita 200. Barabara ya upande wa pili, ya kushuka Loruk na Marigat, imeandikwa kwa damu: mwisho wa Oktoba 2014 maafisa wa polisi wapatao 20 waliuawa katika shambulio eneo hilo, na Januari 2021 kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU akauawa. Dereva wa ambulensi hawezi kulaumiwa kwa kungoja msafara wa askari asubuhi. Sasa mweke hapo msichana aliyebadilishiwa vali Eldoret au katika hospitali ya Tenwek, Bomet, ambako mioyo imekuwa ikipasuliwa tangu mwaka 2008. Amerudi nyumbani. Wiki ya sita anapata homa. Katika Kapedo homa ina wazazi wengi: malaria, kala-azar, brusela ya maziwa yasiyochemshwa. Mhudumu mwema atampima malaria, atampa panadoli na kumwambia arudi kesho asipopata nafuu. Kakuma nako kuna kikwazo chake, kwa kuwa mkimbizi anayetakiwa kwenda kwa daktari wa moyo nje ya kambi huhitaji kibali cha kusafiri kwanza.

Utafiti wa mwaka 2006 uliofuatilia wagonjwa waliokuwa katika mshtuko wa sepsisi ulikuta kwamba, tangu presha iliposhuka, kila saa iliyopita bila dawa sahihi ya kuua vijidudu iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Hata tukisema namba hiyo si sheria ya maumbile, maana yake kwa Kapedo iko wazi. Matibabu ya sepsisi ya mgonjwa huyu yanaanzia kwenye zahanati au hayaanzi kabisa. Ninachopendekeza kinatosha kwenye kadi ya ukubwa wa kitambulisho, ambayo hospitali inayopasua moyo imkabidhi kila mgonjwa aliyewekewa vali kabla hajaondoka: huyu ana vali ya kutengenezwa, akipata homa, usimrudishe nyumbani, chukua damu kwenye chupa za kuoteshea vijidudu, kisha anza dawa saa hiyohiyo, kupitia mshipa na si msulini, kwa kuwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na sindano ya msuli inaweza kumvujisha damu, piga nambari hii. Chupa hizo hazihitaji friji. Kwa kweli haziruhusiwi kuwekwa kwenye friji zikishatiwa damu, na katika joto la Kapedo hilo ni jambo la kushukuru. Zinaweza kumfuata mgonjwa kwenye msafara, zikaoteshwa katika maabara, na daktari akajua ni kijidudu gani na dawa gani inakiua. Bila chupa hizo anakisia kwa wiki sita za matibabu.

Najua nitaambiwa kwamba nachochea usugu wa dawa kwa kumchoma sindano kila mwenye homa. Hapana. Kadi inamhusu mtu mwenye vali ya kutengenezwa peke yake, na watu hao katika kata moja wanahesabika kwa vidole. Tena chupa ya damu ndiyo silaha kuu dhidi ya usugu, maana ndiyo inayomruhusu daktari kuachana na dawa pana na kushika ile inayolenga.

Turudi nyuma zaidi, kabla ya kifua kufunguliwa. Huko ndiko fedha za kichungi kimoja zinakofika mbali. Homa ya baridi yabisi huanza na mafindofindo yasiyotibiwa, na mtoto ambaye vali zake zimeguswa huhitaji sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne kwa miaka. Ni unga mweupe unaokorogwa na maji ukawa mzito kama maziwa mala, hupitia sindano nene, na muuguzi akisitasita huganda ndani ya sindano na mtoto akachomwa mara ya pili. Inauma. Ndiyo sababu watoto huikimbia, na ndiyo sababu mhudumu wa afya ya jamii anayemfahamu mama wa mtoto ana thamani kuliko mashine. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto na vijana 818 waliogunduliwa na dalili za mwanzo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti waligawanywa, nusu wakichomwa sindano hiyo. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Hayo ni matokeo ya mwaka 2021, kutoka eneo linalofanana na letu kuliko Freiburg.

Na asiniambie mtu kwamba kumpima moyo mtoto wa mfugaji kwa mawimbi ya sauti ni ndoto. Turkana ilifanya hivyo kwa ugonjwa mwingine kabla ya wengi wa madaktari wetu vijana kuzaliwa. Katika miaka ya 1980 timu ya AMREF ilibeba mashine ndogo ya mawimbi ya sauti hadi kwa jamii zinazohamahama kutafuta uvimbe wa hidatidi tumboni, ugonjwa ambao watu hawa waliubeba kwa kiwango kikubwa kuliko karibu kila mahali duniani, na mwaka 1987 jarida la Lancet likachapisha kazi hiyo. Wafugaji wa Turkana ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupimwa kwa njia hiyo nje kabisa ya hospitali. Mashine za leo huingia mfukoni. Shule za Lodwar na Kakuma haziko mbali na barabara kuu.

Limebaki swali la mgonjwa anayekufa mbele ya daktari, ambaye dawa zote zimeshindwa. Si afadhali ajaribiwe kichungi, maana hana cha kupoteza? Anacho. Ana mishipa inayoweza kutobolewa vibaya, damu inayoweza kuganda kwenye mipira au kuvuja, dawa zinazoweza kunaswa, na familia itakayouza mbuzi na ngamia kulipia mikebe mitatu. Wagonjwa wa Freiburg nao walionekana hawana cha kupoteza. Njia pekee ya heshima ya kumjaribia mtu wa hali hiyo ni ndani ya jaribio lenye kundi linganishi, lenye idhini ya kamati ya maadili, ambalo mgonjwa hatozwi hata shilingi, na linalohesabu vifo badala ya saitokini. Eldoret, Tenwek, Mulago nchini Uganda na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam zina wagonjwa wa kutosha kulifanya kwa pamoja. Likionyesha kwamba watu wanapona, nitaandika katika ukurasa huuhuu kudai kichungi kifike Lodwar mwezi huohuo. Kwa sasa, bajeti ya kaunti inapofunguliwa kwa maoni ya wananchi, ninatafuta mistari miwili ndani yake: penisilini ya benzathini isiyokatika mwaka mzima, na chupa za kuoteshea damu katika kila zahanati iliyo mbali na Lodwar, kuanzia Kapedo.